Jua ni la bure, usiku una bei

Mteja akiingia duka la sola Wote au Mwingi, mazungumzo huanzia bei ya paneli, ilhali yangeanzia kile atakachowasha, na kwa saa ngapi. Balbu 4 za wati 5 zikiwaka saa 5 hula wati-saa 100. Televisheni ya wati 30 kwa saa 4 huongeza 120. Simu mbili tatu, kama 30. Jumla 250. Kwa saa 5 za jua kali, paneli ya wati 50 inatosha, kwenye karatasi. Utaambiwa jua la Ukambani halina uhaba. Kweli, ila si mwezi wa Julai, mawingu yanapoifunika Makueni asubuhi nzima. Na joto, vumbi na nyaya hula fungu lao. Kwa hiyo wati 100 si anasa. Anasa ni kufunga wati 200 kwenye betri kuukuu ya gari: huko ni kutia maji kwenye pakacha. Betri ya asidi ikikamuliwa kupita nusu kila usiku hufa mapema. Anayebana pesa apunguze televisheni, lakini betri isishuke ampea-saa 50.