Kumlilia Mbwa si Uzungu

Mwandishi wa safu moja ya gazeti ametuonya kwamba kumlilia mbwa ni uzungu wa kuiga, na kwamba dawa ya mtoto anayelia ni kumletea mbwa mwingine kesho yake.

Hoja ya kwanza haijui historia. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, mwanahistoria Mgiriki Herodoto aliandika kwamba Wamisri waliofiwa na paka nyumbani walinyoa nyusi tu; waliofiwa na mbwa walinyoa kichwa na mwili mzima. Mwaka 1935, huko Giza nchini Misri, lilipatikana jiwe lenye maandishi yasemayo kuwa mfalme aliamuru mbwa mlinzi, Abuwtiyuw, azikwe kwa jeneza, kitani safi na ubani. Yapata miaka 4,000 na zaidi imepita tangu maziko hayo. Uzungu uko wapi hapo?

Hoja ya pili ni mbaya zaidi. Inamfundisha mtoto kwamba umpendaye akifa hubadilishwa kama balbu iliyoungua. Mwambieni kweli kwamba mbwa wake, Simba, amekufa. Mkimwambia amekimbia, atashinda getini akimngoja. Kaburi likichimbwa, naye atupie udongo. Mnyororo na bakuli vikae mpaka mwenyewe aridhie viondolewe. Ila mbwa akishukiwa kuwa na kichaa, asiguswe. Aitwe daktari wa mifugo.

Mbwa mwingine atakuja kwa wakati wake. Machozi ya mtoto hayajampunguzia binadamu yeyote heshima yake. Mwacheni alie.