Msimamizi Mgeni wa Mchezo na Suala la Zamu ya Kusema

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974, ulizaa fani ya mazungumzo inayostahili kuzingatiwa na wanaisimu. Wachezaji huizunguka meza, kila mmoja akibeba dhima ya mhusika mmoja. Msimamizi hueleza mazingira, huwasemea wahusika wengine wote na huamua matokeo ya vitendo. Anayeishika kazi hiyo kwa mara ya kwanza aghalabu hutaabika, na wengi hudai kuwa sababu ni uchache wa ubunifu au kutozijua kanuni. Maelezo hayo hayatoshelezi. Tatizo lake la msingi ni la kiisimu: ameikosea aina ya usemi anaouongoza.

Msimamizi mgeni huja na kisa kilichokwisha kutungwa, chenye mwanzo, kilele na hatima. Anachokitafuta ni hadhira. Wachezaji, hata hivyo, si hadhira. Mfalme aliyeandikiwa hotuba ndefu hukatizwa katika sentensi ya pili na mchezaji anayeuliza kama taji lake laweza kuibwa. Hata fanani wa ngano hafikwi na jambo hili: hadhira yake huitikia na kuimba, lakini haimwamulii sungura aende wapi.

Mwaka huohuo wa 1974, Sacks, Schegloff na Jefferson walionyesha, katika jarida la Language, kwamba urefu na mfuatano wa zamu katika mazungumzo haupangwi kabla. Wazungumzaji wenyewe huuamua zamu hadi zamu. Ndivyo ilivyo mezani. Zaidi ya hayo, kauli za mezani ni matendo kwa maana ya Austin (1962). Mchezaji akisema, "Naufungua mlango," kauli hiyo inaomba kuidhinishwa, ama kwa neno la msimamizi ama kwa kutupa dadu. Msimamizi akijibu kila mara kwamba mlango umekomewa, ili kisa chake kisiharibike, huwa anaibatilisha kauli ya mwenziwe. Baada ya kubatilishwa mara kadhaa wachezaji hunyamaza, naye huudhania ukimya huo kuwa ni usikivu.

Yaweza kudaiwa kuwa pasipo maandalizi mchezo husambaratika. Dai hilo ni la kweli, ila linaacha swali la kitu gani kiandaliwe. Inafaa ziandaliwe hali badala ya matukio: nani anataka nini, nani anamzuia, na litatokea nini iwapo hakuna atakayeingilia. Kisha kila maelezo yaishie kwenye swali, "Mnafanya nini?" Swali hilo fupi ndilo linaloikabidhi zamu. Kanuni iliyosahauliwa hutafutwa kitabuni ikapatikana. Mchezaji aliyenyang'anywa zamu yake hana kitabu cha kumrudishia.