Mto Nao Upimwe Kama Mgonjwa

Ndugu watumikaji, na ninyi mama mnaolinda nyumba za kambi,

Kila asubuhi katika dispansere ninampima mgonjwa homa na mapigo ya moyo, kisha ninaandika kwenye karatasi yake. Kesho yake karatasi ile inaniambia kama anapona au anazidiwa. Mgonjwa asiye na karatasi ananitaabisha, kwani sijui jana alikuwaje. Basi, hapa Minova tunakaa kati ya milima na Ziwa Kivu, na mito inayopita karibu na milango yetu ni wagonjwa wasio na karatasi.

Mnakumbuka Alhamisi ile, tarehe 4 Mei 2023. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Mvua ilipiga milimani, mito ikashuka na matope na mawe makubwa, ikafagia Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walikufa katika teritware yetu ya Kalehe, na wengi hawakuonekana tena. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, ng'ambo ya ziwa, Rwanda ilikuwa imekwisha kupoteza watu zaidi ya 130. Habari hiyo ilitangazwa redioni. Lakini ni nani kati yetu aliyeondoka kwenda kuutazama mto wake?

Najua jibu la wazee: mvua ni ya Mungu. Ni kweli, wala sibishani nao. Lakini ile nyumba iliyojengwa hatua tano kutoka kwenye maji tumeijenga sisi. Na mlima uliokatwa miti, ukachimbwa, udongo wake ukatupwa kijitoni, hiyo pia ni kazi ya mikono yetu. Sisi wa migodi tusijifanye wageni katika jambo hili.

Vyombo si vya bei kubwa. Chukua kopo lenye ubavu ulionyooka, uliweke mahali peupe, mbali na mti na paa. Asubuhi uingize rula: milimita moja ndani ya kopo ni litri moja juu ya kila meta mraba ya ardhi. Mvua ya milimita 50 juu ya hektari moja tu ni litri 500.000. Hesabu sasa mlima mzima! Kisha simika mti wenye alama kila sentimita 10 ukingoni mwa mto. Kwa mbio za maji, pima meta 10 kando ya mto, tupa kijiti, hesabu sekunde. Jana kilipita kwa sekunde 10, leo kwa 5: maji yanakwenda mbio mara mbili, na mtoto asivuke.

Alama moja inadanganya watu wengi. Mvua inanyesha juu, lakini mto unapungua ghafula. Watu wanafurahi, wanashuka kuokota samaki. Hapana! Huenda udongo umeanguka na kuziba njia ya maji huko juu, na kizuizi kile kitapasuka. Beba watoto, panda mlimani, acha masufuria.

Joto la maji nalo linanihusu mimi wa dawa. Maji yanayoshuka kutoka upande wa Numbi ni ya baridi kuliko ya ziwa, na klori inafanya kazi polepole katika baridi. Dakika 30 zinazotosha kwa maji ya ziwa hazitoshi kwa maji ya mlimani. Ngoja saa nzima. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa, la sivyo matope yanaila klori na kipindupindu kinabaki. Kila mara baada ya mafuriko ninawapokea wenye kuhara waliotia dawa, wakanywa papo hapo.

Kompani ina saa ya kuingia kazini na king'ora cha kulipua baruti. Mawazo yangu ni haya: mtumikaji mmoja alipwe akae juu mlimani majira ya mvua, na kopo, telefoni na daftari, na king'ora kile kile kilie usiku akiita. Mshahara wa mtu mmoja ni mdogo kuliko mbao za majeneza, na mimi nimekwisha kuzihesabu mbao hizo.

Mti wangu nimeusimika chini ya daraja, wenye rangi nyekundu na nyeupe. Tafadhali, mama, msiung'oe kwa kuni.