Mashua, Pikipiki na Hesabu ya Nyumba

Neno uraibu lina ukoo wa kustaajabisha katika lugha yetu. Wazee wa pwani waliita hivyo tambuu, popoo, tumbaku, na kila kitu kisicho chakula ambacho mtu akikizoea hukiacha kwa taabu. Siku hizi neno lilo hilo hutumika kwa jambo ambalo mtu hulifanya kwa kujifurahisha baada ya kazi. Sidhani kuwa lugha imepotea njia. Kati ya mtafuna tambuu na bwana mwenye boti ya kwenda kasi iliyofungwa nangani siku sita katika saba, tofauti niionayo mimi ni ya bei.

Nataka kuubishia ushauri mmoja ambao husikika sana katika mazungumzo ya watu wa mishahara. Husemwa kwamba mume mwenye mapenzi ya vitu vya gharama, kama vile pikipiki kubwa, mashua ya tanga au gari la mashindano, hana budi kuweka mizani kati ya ndoa yake na uraibu wake: huku kidogo, na kule kidogo, na amani itakaa nyumbani. Ushauri huu una sura ya hekima, lakini haufai. Mizani huaminiwa inaposhikwa na mtu asiye na upande. Katika jambo hili aishikaye ni yule yule aitakaye pikipiki, naye ndiye achaguaye mawe ya kupimia. Tena, ndoa si kitu cha kutiwa katika kitanga kimoja, na chombo cha baharini kikatiwa katika kitanga cha pili. Fedha ya chombo imetoka ndani ya ndoa, na siku ya kwenda baharini nayo imetoka ndani ya ndoa. Kipimwacho ni ndoa na kipande chake yenyewe kilichokatwa.

Yafaa kwanza nitenge lisilo katika shauri. Pikipiki ya cc 150 ichukuayo abiria kutoka alfajiri mpaka usiku si uraibu. Ni jembe la mwenyewe. Ngalawa ya mvuvi, iliyochongwa katika gogo la mwembe, ni jembe vile vile. Hata mashua zishindanazo Lamu katika siku za Maulidi na sherehe nyingine, nyingi zao ni vyombo ambavyo siku za kawaida huchukua watu, mchanga, mawe na boriti. Nahodha akishinda hupata sifa, na sifa humletea abiria. Uraibu wa namna hiyo umepanda mgongoni mwa kazi, nao hulishwa na kazi. Nisemacho mimi ni kile chombo kisichofanya lolote duniani ila kumpendeza mwenyewe.

Mtu asiyepata kumiliki chombo hudhani kuwa gharama yake ni bei ya kukinunua. Bei ni mlango tu. Chombo cha mbao hupweleshwa ufukweni, ubavu wake ukakwanguliwa, nyufa zikakalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kisha sehemu ikaayo majini ikapakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, ili wadudu watoboao mbao wasipate njia. Kazi hiyo haifanywi mara moja ikaisha. Hurudiwa na kurudiwa muda wote chombo kiwapo hai. Tanga huchanika, henza hukatika, foromali huvunjika upepo unapogeuka ghafula. Mwenye boti ya faiba na mashine hucheka akisikia habari hizi, lakini chumvi haimchagui mtu. Mashine yake huliwa, petroli yake huungua, na mlinzi wa ufukweni hudai ujira hata mwezi ambao nanga haikung'olewa. Pikipiki kubwa nayo ina tairi zake, koti lake la ngozi, kofia yake ngumu, na vipuri viagizwavyo ng'ambo kwa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka mbele ya dola, uraibu hupanda bei bila ya mwenyewe kuongeza hata msumari mmoja.

Mambo haya yote mume huyajua. Mkewe huambiwa bei ya kwanza, na pengine huambiwa nusu yake. Stakabadhi zilizosalia hukaa katika droo ya ofisini. Niulizwapo uraibu wa gharama huanza kuvunja nyumba wakati gani, hujibu kuwa huanza siku ya stakabadhi ya kwanza kufichwa, hata ikiwa fedha ilikuwapo na watoto hawakulala na njaa. Mume afichaye hesabu amekwisha kujihukumu mwenyewe, maana alijua kuwa mkewe angalikuwa na la kusema, na neno hilo lilikuwa na haki ya kusikilizwa.

Jibu lake hulijua kila mtu: "Ni jasho langu." Wenye kusoma huongeza sheria. Husema kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971, kifungu cha 60, hudhani kuwa mali iliyopatikana katika ndoa kwa jina la mmoja ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vingine. Ni kweli. Lakini hupenda kuifunga sheria pale pale, kabla hawajafika kifungu cha 114, kinachoipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika juhudi hizo. Kenya iliandika neno la jinsi hiyo katika sheria yake ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, ikataja kazi za nyumbani na ulezi wa watoto. Basi jasho lililoinunua pikipiki halikutoka katika paji moja la uso. Aliyepiga shati pasi na kuamka usiku kwa mtoto mwenye homa, ili baba apate usingizi wa kumfikisha kazini, yumo katika ile injini kama alivyomo mwenye jina katika kadi.

Tena kuna gharama isiyoandikwa katika stakabadhi yoyote, nayo kwangu mimi ndiyo kubwa. Waendesha pikipiki huondoka Dar es Salaam Jumamosi asubuhi kwenda Bagamoyo au Lushoto. Wenye boti huondoka Msasani kwenda kisiwa cha Mbudya. Hurudi wamechangamka, na husema kwamba mtu afanyaye kazi juma zima lazima apumzike. Nani aliyekaa na watoto? Nani aliyewakaribisha wageni, wakiwamo ndugu wa mume? Mwulize bwana huyo siku ya mapumziko ya mkewe ni ipi. Wengi huanza kufikiri, kama watu walioulizwa jina la mji mkuu wa nchi ya mbali. Fedha iliyopotea huweza kutafutwa tena. Jumapili mia mbili za mwanamke hazina mahali pa kutafutwa.

Wengine hukimbilia methali. Manahodha wengi, husema, chombo huenda mrama. Kwa hiyo nyumba iwe na msemaji mmoja. Nastaajabu kuona methali ya mabaharia mikononi mwa watu wasiojua desturi za mabaharia. Nahodha huamuru tanga na usukani, naam. Lakini chumo la safari si lake peke yake. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililofika Zanzibar na Rufiji, ameeleza katika kitabu chake jinsi mabaharia walivyolipwa: hapakuwa na mshahara, bali baada ya kutolewa gharama za chakula, kilichobaki kiligawanywa kwa mafungu kati ya chombo na watu wake. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufungwa na madeni, na sisemi kuwa ule ulikuwa uungwana mtupu. Hata hivyo baharia wa mwisho kabisa alikuwa na fungu lenye kujulikana. Anayetaka kuwa nahodha wa nyumba, na akubali pia kugawa mafungu.

Haitakuwa haki kuwasimamisha wanaume peke yao. Mombasa ya katikati ya karne iliyopita ilikuwa na vyama vya wanawake vya lelemama, na Banu Saada na Ibinaal Watan walishindana kwa mavazi na karamu, kila upande ukitaka kuufunika wa pili. Mashindano ya namna ile hayakuendeshwa kwa maneno matupu, na waume walijua uzito wake mifukoni. Leo ziko sare za harusi, moja kila mwezi, na michango isiyokataliwa kwa kuogopa aibu. Mke akopaye kwa siri ili asipungukiwe na sare hana tofauti na mume akopaye kwa siri ili apate ekzosi mpya. Lakini nakiri kuona jambo moja: uraibu wa mwanamke mara nyingi hufanywa karibu na nyumba, watoto wakiwa mgongoni au pembeni, na uraibu wa mwanamume huanza kwa kuondoka.

Wako pia wahubiri wa kubana, ambao wangependa kila shilingi iende katika saruji. Hao siwaungi mkono. Nyumba ya watu wasiopenda kitu chochote nje ya matumbo yao ni nyumba ya kuchosha. Tena ufundi wa kuunda vyombo vya mbao katika pwani yetu unahitaji wateja, na mpenda mashua mmoja huweka kazini fundi, mshona tanga na msokota kamba. Mume na akinunue chombo. Lakini na akinunue baada ya hesabu nzima kuwekwa mezani, pamoja na deheni, mashine na mlinzi. Na mke awe na uwezo wa kusema la, na akasikilizwa. Na siku atakayotoka mume ilipwe kwa siku nyingine atakayotoka mke, mume akabaki na sufuria na watoto. Atakayeona masharti haya kuwa mazito amekwisha kutuonyesha nani alikuwa akiyachukua.

Narudi katika ile hukumu ya 1983, kwa sababu ina upande wa pili usiotajwa sana. Mahakama iliona kuwa mke yule alikuwa amepewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa kuifaa jamaa, akazitapanya. Hivyo, ijapokuwa kazi yake ya nyumbani ilihesabiwa, alichukuliwa kama mtu aliyekwisha kupokea fungu lake mapema, akatoka mikono mitupu. Wanaume wengi wataiona hukumu hiyo kuwa ya haki kabisa. Basi na ipime huku na huku. Mume aliyetia fedha ya karo katika mlingoti na tanga, bila ya shauri la mwenzake, amepokea fungu lake mapema vile vile. Kifungu cha 114 chenyewe, kinapotaja madeni, hutaja yale yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili. Sioni deni la pikipiki iliyofichwa likiingia humo. Siku ya kugawana ikifika, mashua ile na ihesabiwe kuwa ndiyo sehemu yake, kwa bei aliyoinunulia yeye, si kwa bei ya mbao zilizooza.