Usimlaumu Mama, Mpelekee Mswaki Nyumbani

Kuna aina ya video huzunguka sana kwenye magrupu yetu. Mtoto mdogo anacheka mbele ya kamera, meno yake ya mbele yote ni meusi, mengine yamebaki vipande. Chini yake watu wamejaa na vikatuni vya kucheka, na lazima atokee mmoja wa kuandika: "Kwani mamake hufanya nini siku nzima?"

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wanaocheka, sitawadanganya. Mpaka meno hayo yakawa kwa mpwa wangu.

Dadangu ameolewa Kipungani. Kama hujui Kipungani, ni kijiji kilicho kusini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu, mbali na ile Lamu ya milango ya nakshi mnayoiona kwenye picha za mapumziko. Wanawake wanasuka mikeka, wanaume wanaenda baharini. Ukitaka kwenda mjini unangoja mashua, na mashua yenyewe inangoja maji yajae. Hospitali kubwa ya kaunti, King Fahd, iko Lamu mjini. Yaani daktari wa meno si mtu wa kumpitia ukitoka dukani.

Mpwa wangu alikuwa hajatimiza miaka mitatu alipoanza kuamka usiku akilia, ameshika shavu. Chakula akawa hataki, ila uji uliopoa. Bibi yetu akaweka karafuu. Ikatulia siku mbili, ikarudi. Mwisho dadangu akalipa nauli ya mashua, akampeleka mtoto mahali ambapo sitapataja. Kabla mtoto hajafunguliwa mdomo, mama akapigwa swali mbele ya watu: "Umemwacha mtoto mpaka akawa hivi?"

Dadangu alirudi nyumbani analia kuliko mtoto.

Sasa niulize mimi. Kuna mtu yeyote, kabla ya siku ile, aliyewahi kukaa na dadangu na kumwonyesha mtoto wa miezi saba anapigwaje mswaki? Hakuna. Kliniki alienda, chanjo zote mtoto alipata. Nyumbani pia alitembelewa, tena na dada mmoja mzuri sana wa kijiji, mhamasishaji wa afya ya jamii. Alipima mkono wa mtoto, akauliza kama analala ndani ya neti, akauliza kama mtoto ananyonya vizuri. Meno hakuyataja. Simlaumu. Hakuna aliyempa mswaki aubebe.

Hoja yangu leo ni hiyo tu: mtu wa kufika kwenye nyumba ya mtoto mchanga tayari tunaye. Tumpe mswaki, tumfundishe, tumlipe. Mengine yote tunayofanya kuhusu meno ya watoto yanakuja tukiwa tumechelewa.

Mnasema nimetia chumvi? Haya, hesabu hizi hapa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa miaka 5 hapa Kenya, 46 wana meno yaliyooza. Karibu nusu! Hao wote ni watoto wa mama wazembe? Nusu ya akina mama wa nchi nzima hawajui kulea? Tuache mchezo. Jambo likiwapata nusu ya watoto, tatizo haliko kwa mama mmoja wa Kipungani.

Halafu tazama sisi huwa tunafanya nini. Kila tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, wageni wanaenda shule fulani. Fulana mpya, bango, watoto wanapangwa mstari, kila mmoja anainua mswaki, picha, kwaheri. Mimi mwenyewe nimewahi kupost picha kama hizo na nikapata likes nyingi. Lakini fikiria: mtoto anaingia PP1 akiwa na miaka 4. Jino la kwanza huota karibu miezi 6. Akifika miaka mitatu hivi, meno yote 20 ya maziwa yameshatoka. Kwa hiyo ule mswaki wa shuleni unamkuta mtoto akiwa na miaka mitatu na nusu ya meno ambayo hayakuguswa. Wengine unawakuta na mashimo tayari. Sisemi shule zisiende. Nasema shule si mwanzo.

"Lakini hayo ni meno ya maziwa, yatang'oka yenyewe." Hii sentensi nimeisikia kwa bibi, kwa shemeji, mpaka kwa marafiki zangu waliosoma chuo. Ni kweli yatang'oka. Ila magego ya maziwa hukaa mdomoni mpaka mtoto afike miaka 10, wengine 12. Mwambie mtoto wa miaka miwili avumilie maumivu miaka minane kwa sababu jino litang'oka. Halafu jino la maziwa ndo linaloshikilia nafasi ya jino la ukubwani. Likitoka mapema, la chini yake linaweza kuota upande. Na mtoto mwenye jino bovu hali vizuri, halali vizuri, na uzito unaweza kushuka. Tunapima mkono wake kwa tepu tukishangaa mbona amekonda, na jibu liko mdomoni.

Sasa kwa nini nyumbani, kwa nini isiwe karatasi ya maelezo tu au video ya TikTok? Kwa sababu kumpiga mswaki mtoto mchanga si jambo la kuambiwa. Jaribu uone. Anafunga mdomo, anageuza kichwa, anang'ata mswaki, analia kama anachinjwa. Mama mwenye watoto wengine wawili na chungu jikoni atajaribu mara mbili, ya tatu ataacha. Hapo ndo anapohitaji mtu aliyekaa naye juu ya mkeka, amwambie: mlaze kichwa kwenye mapaja yako, wewe uwe nyuma yake. Inua mdomo wa juu kwa kidole. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele, si zaidi. Piga taratibu, juu na chini, asubuhi na kabla ya kulala. Akilia mdomo uko wazi, maliza haraka, mbusu, basi. Na baada ya mswaki wa usiku, chupa ya chai ya sukari isiingie kitandani.

Tena mgeni huyo anaweza kuinua mdomo wa mtoto na kuona mstari mweupe karibu na ufizi. Huo mstari ni jino linaloanza kuharibika kabla halijatoboka. Ukiukuta mapema, mswaki wenye floraidi na kupunguza sukari vinaweza kuuzuia usiendelee. Ukiukosa, safari ijayo ni ya mashua, na kilio.

Na huyu mtu wa kukaa mkekani hatumtafuti mbali. Tarehe 25 Septemba 2023, pale Uhuru Park, Rais Ruto alizindua wahamasishaji wa afya ya jamii, karibu 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake. Ndani kulikuwa na mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani. Mswaki wa mtoto haukuwa kwenye orodha. Wanapita nyumba kwa nyumba. Wanajua mtoto gani amezaliwa lini. Mtoto akifika miezi 6 wanazungumza na mama kuhusu kuanza kumpa chakula, na miezi 6 ndo jino la kwanza linachungulia! Miezi 9 kuna chanjo ya surua, miezi 18 kuna nyingine. Ratiba ipo tayari. Tunachokosa ni mswaki na dakika kumi.

Najua kuna watakaosema hao dada wamechoka, na mzigo ni mwingi. Nakubaliana nao kabisa. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Kwa hiyo sitaki waongezewe kazi ya bure. Wafundishwe vizuri, posho ifike kwa wakati, na miswaki iletwe na serikali, wasije wakainunua kwa pesa zao. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze 2013, basi swali hili liende kaunti ya Lamu, lisiishie kwa dada wa kijiji.

Wengine watasema kuna malaria, kuna utapiamlo, meno yangoje. Mbona yashindane? Ziara ni ile ile moja. Na pesa? Mswaki mdogo na dawa yake ni vitu vya dukani. Kumng'oa mtoto meno manne, na nauli ya mashua kwenda na kurudi, na siku ambazo mama hakusuka mkeka hata mmoja, hiyo ndo gharama. Hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliiweka dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Yaani si urembo, ni dawa.

Wako pia wanaoogopa floraidi kwa sababu ya meno ya kahawia ya wenzetu wa Nakuru na Naivasha. Kule shida ni maji ya kunywa yenye floraidi nyingi kupita kiasi, mtoto anayameza kila siku. Punje ya mchele ya dawa si sawa na hilo.

Na kama unadhani haya ni ndoto, Scotland walifanya. Mpango wao unaitwa Childsmile. Wana wafanyakazi wa kufuata familia zenye watoto wachanga mpaka nyumbani, wanagawa miswaki na dawa, na kwenye shule za chekechea watoto wanapiga mswaki pamoja kila siku. Mwaka 2003 watoto wanaoanza shule bila jino lililooza walikuwa 45 kwa kila 100. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 70. Hawakukaa kuwacheka akina mama.

Tena sisi watu wa Pwani hatuna kisingizio. Neno lenyewe mswaki limetokana na miswak, kijiti ambacho wazee wetu wamekitumia miaka na miaka, na Mtume (s.a.w.) akausisitiza. Usafi wa kinywa hatufundishwi na mtu. Tulichosahau ni kuuanza kwa mtoto asiyeweza kushika kijiti mwenyewe.

Sasa nyinyi mnaonisoma, wengi hamna watoto. Lakini nyumbani kuna mdogo wako, kuna mpwa, kuna mtoto wa jirani unayemshika mama akipika. Inua mdomo wake leo uone. Na siku mwakilishi wa wadi yako akija kuomba kura au kupiga picha na miswaki shuleni, muulize swali moja tu: wa miezi sita atapata lini?

Mpwa wangu sasa ana miaka minne. Ana pengo mbele, na akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Alijifunza kwa kuona tunavyomtazama.