Nani anacheka, nani anachekwa?

Wako wananchi wanaodhani kwamba mchezo wa kuchekesha ni jambo la kupitishia jioni tu, na kwamba watu wenye kazi nzito za kujenga taifa hawana haja ya kuujadili. Dhana hiyo si sahihi. Kicheko hufundisha. Humfundisha mtu ni nani wa kuheshimiwa na ni nani wa kudharauliwa, tena humfundisha wakati ambapo hana habari kwamba anafundishwa.

Nimepata nafasi ya kuutazama, katika ukumbi wa Prince of Wales mjini London, mchezo wa nyimbo na vichekesho uitwao The Book of Mormon. Mchezo huo ulitungwa na Wamarekani watatu, Trey Parker, Matt Stone na Robert Lopez. Ulifunguliwa New York mwezi Machi 2011, na mwaka huo huo ukazoa tuzo 9 za Tony, ambazo ndizo tuzo kuu za michezo ya jukwaani huko Marekani. London uliingia mwaka 2013. Unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa sababu sehemu kubwa ya hadithi yake inatokea Uganda.

Vijana wawili wamisionari wa Kimormoni wanatoka Utah na kupelekwa katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Uganda. Wa kwanza ni mwenye majivuno, na alitumaini kupelekwa Orlando. Wa pili hajakisoma hata kitabu cha dini yake, na kila anapokwama huchanganya mafundisho na visa vya filamu za vita vya angani. Wanakijiji wanabatizwa kwa uongo huo.

Haki lazima isemwe. Muziki wake ni mzuri, wachezaji wanaijua kazi yao, na kejeli dhidi ya wamisionari ni kali. Kijana anayedhani ataukomboa ulimwengu anaanikwa wazi kuwa hajui lolote juu ya watu anaokwenda kuwakomboa. Nilicheka, na ukumbi mzima ulicheka. Hata mwishoni, inapodhihirika kwamba wanakijiji walikwisha kutambua kuwa hadithi zile ni mafumbo, watungaji wamewapa wakulima hao akili kuliko wakubwa wa kanisa.

Lakini kicheko hicho hakikugawanywa sawasawa. Mmarekani anachekwa kwa sababu ya kosa lake, yaani majivuno na ujinga. Mganda anachekwa kwa sababu ya msiba wake, yaani UKIMWI, umaskini na vita. Tena Mmarekani ana wazazi, ana ndoto, na anabadilika mbele ya macho yetu; wanakijiji, isipokuwa wachache, ni kundi tu.

Na hiyo Uganda ni Uganda gani? Jenerali anayewatisha wanakijiji amepewa jina linalofanana na lile la kamanda mmoja wa vita vya Liberia, nchi iliyo upande wa pili wa bara letu. Msichana mkuu anaitwa Nabulungi, jina la Kiganda, ingawa kijiji ni cha kaskazini. Mmisionari hulikosea jina hilo mara kwa mara, na watazamaji huangua kicheko. Wimbo mkuu wa wanakijiji umejengwa juu ya maneno ya lugha isiyokuwepo. Ukeketaji unaonyeshwa kama tishio kwa kila mwanamke, hali katika Uganda ya kweli ulikuwa desturi ya jamii chache za mashariki na kaskazini mashariki, na ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2010.

Watetezi wa mchezo watasema kwamba kinachodhihakiwa si Afrika, bali ni Afrika iliyomo katika vichwa vya Wamarekani. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, dhihaka ya namna hiyo yamhitaji mtazamaji anayeijua Uganda ya kweli, apate kuipima tofauti. Asiyeijua atatoka na picha ile ile aliyoingia nayo. Mwaka 2020 waigizaji weusi wa mchezo huo wenyewe waliandika barua ya kulalamikia mambo hayo, na watungaji wakaufanyia marekebisho kabla haujafunguliwa upya New York mwezi Novemba 2021.

Uganda ya kweli ina jukwaa lake. Jumba la Taifa la Michezo la Kampala lilifunguliwa mwaka 1959. Mmoja wa wakurugenzi wake, Byron Kawadwa, alitunga mchezo wa nyimbo uitwao Oluyimba lwa Wankoko, unaohusu ugombeaji wa kiti cha ufalme. Mwaka 1977 aliupeleka Lagos kwenye tamasha la FESTAC. Aliporejea nyumbani alikamatwa na watu wa utawala wa Idi Amin, akauawa.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Kejeli iliyowaelekea wenye nguvu ilimgharimu Mwafrika huyo maisha yake, na kejeli iliyowaelekea wanyonge imepewa tuzo ng'ambo. Kudai kwamba mchezo wa London upigwe marufuku hakutasaidia kitu. Lililo juu yetu ni kuwa na vichekesho vyetu, na kuwalinda wanaovitunga.

Walimu wana shule, na shule zina vijana wenye vipaji. Wawaache watunge, kwa Kiswahili safi, juu ya karani anayeficha faili mpaka apewe kitu kidogo, na juu ya bwana mkubwa anayehubiri kubana matumizi huku akijaza mafuta ya umma katika gari lake. Nasi watumishi wa Chama na Serikali, tutakapojiona jukwaani, tusimwite mwalimu ofisini kujieleza. Mwalimu Nyerere alituandikia Tujisahihishe mwaka 1962. Kiongozi asiyevumilia kuchekwa na wananchi wake hana haki ya kulalamika anapochekwa na wageni.