Tumchangie Kofia Kabla ya Mbuzi

Ikifika Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa watu wanaokwenda kuhesabiwa. Ndivyo tunavyosema sisi wenye vihamba Kilimanjaro: Krismasi ni ya kwenda nyumbani, mama akuone, wazee wajue upo. Tiketi za basi huwa ngumu kupatikana, na vijana wetu wengi waliohangaika na bodaboda mwaka mzima Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto huamua kwenda na chombo chao wenyewe. Ni kilomita zinazokaribia 560. Nyuma amekaa mke au mdogo wake, juu ya tanki kuna begi, na kwenye keria kimefungwa kiroba cha mchele.

Siandiki kuwazuia. Pikipiki imejenga nyumba na kusomesha watoto katika ukoo wetu, na mwenye chombo chake ana haki ya kukipanda kwenda kwao. Ninachowaomba ninyi mnaowasubiri huko juu, na ninyi mnaowaaga huku pwani, ni hiki: mwaka huu, kabla hatujachanga fedha za mbuzi, tuchange fedha za kofia.

Mara ya kwanza nilipoipanda njia hiyo nilivaa kofia niliyoinunua barabarani, nyepesi kama bakuli la plastiki. Karibu na Same upepo unaoshuka kutoka milima ya Upare ulikutana na upepo wa basi lililonipita kwa kasi. Kifungo cha kidevuni kikaachia. Kofia ikaruka, ikabiringika, na lori lililokuwa nyuma likaikanyaga. Nilisimama pembeni nikaviokota vile vipande, maana sikutaka kuviacha barabarani, nikaona kwamba ndani hapakuwa na kitu isipokuwa kitambaa na sponji ya godoro. Nilikuwa nimetembea kilomita zaidi ya 400 nikiamini nimejikinga.

Tangu siku hiyo huwa naigeuza kofia na kutazama ndani kabla sijatazama rangi yake. Ganda la nje hulitawanya pigo, lakini kazi kubwa inafanywa na povu gumu lililo chini ya kitambaa, linalofanana na lile linalofungiwa televisheni mpya kwenye boksi. Kichwa kikigonga lami, povu hilo hupondeka, na huko kupondeka ndiko kunakoupunguzia ubongo mshtuko. Likishapondeka halirudi. Ndiyo maana kofia ya mtumba ni hatari hata kama inang'aa: huwezi kujua ilishawahi kumwokoa nani. Bonyeza ndani kwa kidole gumba. Ukikuta sponji inayodidimia mpaka ganda, irudishe. Tafuta pia lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni yenye herufi E ndani ya duara, na namba ya idhini inayoanza na 05 au 06. Lebo huweza kughushiwa, kwa hiyo isikufanye uache kubonyeza.

Wataalamu waliozikusanya na kuzipima tafiti za nchi mbalimbali walikuta kwamba kofia humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi. Lakini ni lazima imkae. Ivae, ifunge, kisha tikisa kichwa: ngozi ya mashavu isogee pamoja nayo. Ishike kwa nyuma ujaribu kuivua kuelekea mbele. Ikitoka, hiyo si yako. Na mkanda ukining'inia bila kufungwa, ni sawa na kuiacha kofia nyumbani.

Hapa niseme na dada zangu. Abiria naye anatakiwa kisheria kuvaa kofia, na najua kwa nini wengi wenu mnaikataa: imevaliwa na watu mia, mnaogopa fangasi, na nywele mmezisuka jana kwa ajili ya sikukuu. Hofu hiyo ina msingi. Basi kwa safari ndefu msikubali ile ya kijiweni. Nunua yako, vaa kilemba chepesi cha pamba ndani yake, na ukipange kichwa utakachosuka kwa kuifikiria hiyo kofia. Nywele zitasukwa upya Moshi.

Kuhusu chombo chenyewe, msiniulize ipi ni kali. Pikipiki nyingi za biashara zetu, za cc 100 mpaka 150, zilitengenezwa kwa mizunguko ya mjini na vijijini. Zitafika Moshi, ila zikibeba watu wawili na mzigo hazina nguvu ya ziada ya kulipita lori mlimani kwa haraka, na mwenye kujua hilo hajaribu. Kama ndiyo unanunua, na safari ndefu ni sehemu ya maisha yako, cc 150 itakuchosha kidogo kuliko 100, na breki ya diski mbele ina thamani kuliko redio na mataa ya urembo, kwa sababu breki ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Ukae juu yake nyayo zote mbili ziguse chini. Ikiwa imetumika, linganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, kisha mwombe mwenzako aipande mbele yako kwenye barabara iliyonyooka, wewe utazame kutoka nyuma kama magurudumu yanafuatana. Fremu iliyowahi kupinda hujisema hapo.

Iliyopo tayari, ipeleke kwa fundi wiki moja kabla, isiwe jioni ya kuondoka. Tairi kipara, mnyororo uliolegea na oili nyeusi havisubiri Januari.

Mavazi wala hayahitaji fedha nyingi. Mitumba yetu ina jaketi za ngozi nzito, na mara nyingine jaketi halisi za waendesha pikipiki zenye vikinga vigumu mabegani na kwenye viwiko. Ukivitoa mfukoni mwake utaona vimechapwa EN 1621. Hiyo ukiipata ichukue, mishono ikiwa imara. Buti zinazofunika vifundo vya miguu, glovu, suruali nene. Kandambili na kaptura ziingie kwenye begi. Juu ya vyote vaa kizibao cha kung'aa, kwa kuwa dereva wa lori akikuona mapema ana nafasi ya kukuhurumia.

Kisha kuna jambo ambalo halinunuliwi popote, nalo ni muda. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki hula mita 22 kila sekunde. Mtu aliyechoka akisinzia sekunde mbili amevuka zaidi ya mita 40 bila kuwepo. Vijana wanaondoka saa nne usiku wakimaliza kazi ili waamkie nyumbani, na sisi tunawasifu kwa ushujaa. Tuache kuwasifu. Tuwaambie waondoke alfajiri, walale Korogwe, ambapo ni kama nusu ya njia, na asubuhi yake wapite Mombo na Same kabla jua na upepo havijakolea. Fedha ya chumba kimoja cha gesti tuiweke kwenye mchango uleule.

Mama zangu, kijana akipiga simu kusema amefika Korogwe analala, msimwambie wenzake walishafika. Mwambieni mmefurahi.

Na wewe unayesoma ukiwa na mdogo wako anayejiandaa, mpigie leo. Mwambie achukue futi ya fundi cherehani, aizungushe kichwani kidole kimoja juu ya nyusi na nyuma pale palipochomoza zaidi, akutumie sentimita alizopata. Apime na kichwa cha atakayempakia.